Kijana Atetemekaye Si Mlevi

Pengine mwamjua kijana aliyekuwa hodari shuleni, na sasa mwandiko wake umeharibika, ulimi umekuwa mzito, mate yamtoka, na mkono watetemeka ainuapo kikombe. Mwalimu asema ni mvivu, jirani asema amelewa, na wengine wanong'ona kwamba amerogwa. Yafaa mjue kwamba uko ugonjwa uwezao kuleta hayo yote. Si wengi waupatao, lakini asiyetibiwa hufa.

Huitwa ugonjwa wa Wilson, kwa jina la Samuel Alexander Kinnier Wilson, daktari wa London aliyeandika habari zake mwaka 1912.

Katika chakula chetu mna shaba kidogo, nayo mwili waihitaji. Ile inayozidi, ini huitoa kwa njia ya nyongo. Ini la mgonjwa huyu haliwezi kazi hiyo. Shaba hujaa ndani yake, kisha huingia katika damu na kufika kwenye ubongo, hasa mahali panapoongoza mwendo wa viungo. Ndipo viungo hutetemeka au hukakamaa. Wengine hubadilika tabia, wakawa na hasira, huzuni, hata kama wazimu.

Ugonjwa hurithiwa kwa baba na mama pamoja, ingawa wao ni wazima. Kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuupata. Basi akigunduliwa mmoja, ndugu zake wa tumbo moja sharti wapimwe, hata wasipoona dalili yo yote.

Daktari hupima damu, na shaba iliyo katika mkojo wa saa 24. Hutazama pia macho, maana wengi walioguswa ubongo huwa na pete ya rangi ya kahawia au kijani ukingoni mwa sehemu nyeusi ya jicho.

Dawa ziko. Mwaka 1956 John Walshe alieleza kwamba penisilamini huitoa shaba kwa mkojo. Zinki nayo huizuia isiingie mwilini kutoka matumboni. Pengine dalili huzidi kwanza kabla ya kupungua. Mgonjwa asikate tamaa, bali amweleze daktari. Dawa hizi ni za maisha yote. Aziachaye kwa kuwa amepata nafuu ajihatarishia maisha.

Kwa hiyo, msimcheke kijana huyo wala msimpige. Mpelekeni hospitali mapema, kwa kuwa ubongo ulioharibika sana haurudi wote kama ulivyokuwa.