MTIHANI HAUANZI MWEZI WA SITA



Kila mwaka, mwezi wa sita ukikaribia, tunaona jambo lile lile katika kampi na mitaa yetu. Watoto ambao hawakugusa kaye tangu Noeli wanaanza kukesha. Wazazi wanatafuta mwalimu wa kumlipa. Hayo si mabaya, lakini yanakuja kwa kuchelewa. Leo tunataka kuonyesha sababu.

Tazameni buletini ya mtoto wenu wa sekondari. Wazazi wengi wanatazama mstari wa chini tu: amepita ao hakupita. Someni na mistari ya juu. Mwaka una semesta 2. Kila semesta ina periodi 2 na mtihani 1. Kama somo lina pointi 10 kwa kila periodi, mtihani wake una pointi 20. Basi periodi 4 ni pointi 40, na mitihani 2 ni pointi 40. Jumla ni 80. Mtihani wa mwezi wa sita ni 20 tu, ndiyo robo. Mtoto aliyelala mwaka mzima, hata akijibu maswali yote bila kosa siku ile, hafiki nusu. Nusu ni 40. Hesabu hii haina siasa, haina upendeleo.

Wale wa kalasi ya mwisho wana mzigo mwingine, ule Mtihani wa Serikali ulioanzishwa mwaka 1967, ambao watu wanauita Exetat. Mbele ya yote wanaandika insha ya Kifaransa. Halafu zinakuja siku 4 za maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, sayansi, masomo ya opsio, na lugha. Ni miaka mingi ya masomo ndani ya siku 4. Hakuna usiku mmoja wa kahawa unaoweza kuibeba.

Sasa tuseme namna ya kujitayarisha, somo kwa somo.

Hesabu haisomwi kama gazeti. Mtoto akikaa mbele ya kaye yake akitikisa kichwa na kusema «nimeelewa», msimsadiki bado. Afunike jibu, achukue karatasi, afanye tena mwenyewe mpaka mwisho. Akikwama, pale alipokwama ndipo penye kazi.

Kifaransa ni taabu ya wengi wetu, kwani nyumbani tunasema Kiswahili, na mtihani hauulizi kwa Kiswahili. Mtoto asome kwa sauti kila siku, hata ukurasa mmoja. Mbele ya kuandika insha, aeleze kwanza kwa Kiswahili anachotaka kusema. Mtu asiye na wazo katika lugha ya mama yake hatalipata katika lugha ya mwingine.

Kemia, ndugu wafanyakazi, hiyo ni yenu. Mwanafunzi anakariri neno elektrolizi kama sala, na baba yake ameshinda akiitumikia! Ninyi mliofanya kazi katika viwanda kama kile cha Shituru, kule Likasi, mmeona kwa macho: jiwe la kijani, malakiti, linayeyushwa katika asidi ya sulfuriki, umeme unapita katika maji yale ya rangi ya buluu, shaba inajipanga juu ya katodi. Mwelezeni mtoto jioni moja. Hatasahau tena. Msiseme «mimi sikusoma». Mkono wako umesoma.

Jiografia na historia zinataka kaye mpya. Wengine wanawapa wadogo kaye za ndugu zao wakubwa, na mtoto anaandika kwamba inchi ina provensi 11. Tangu mwaka 2015 ziko 26. Katanga ya zamani imekuwa 4: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kaye ya zamani ni nzuri, lakini mwalimu ailinganishe na programu ya leo.

Tunafika sasa kwenye neno gumu. Kuna wazazi wanaosema: «Juu ya nini kujisumbua? Nitatoa makuta kidogo, na pointi zitapatikana.» Tunawajibu waziwazi: huo ni wizi, na mtu wa kwanza kuibiwa ni mtoto wako mwenyewe. Umelipa makuta, umenunua karatasi. Kesho atasimama mbele ya mashine, mbele ya mgonjwa ao mbele ya kalasi, na karatasi haitajibu kwa ajili yake. Tena umemnyang'anya nafasi yule mtoto wa jirani aliyesoma kwa taa ya mafuta.

Wazee wetu wanajua bei ya jambo hili. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo waliotoka chuo kikuu walikuwa wachache mno: hawakufika 30 katika inchi nzima. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956. Watu wale walinyimwa mlango. Sisi tumeupata mlango. Tutaingia na diploma ya uongo?

Tena tunawaambia akina baba juu ya wasichana. Kijana akisema ana mtihani, nyumba nzima inanyamaza. Dada yake ana mtihani ule ule, na anatumwa kuchota maji, kupika, kuosha watoto na kuuza sokoni. Halafu akianguka tunasema wasichana hawana akili. Akili anayo, saa za kusoma ndizo hana. Mgawanye kazi kati ya wote.

Na vijana wanaokwenda kuchimba kwa mkono wakati wa masomo ili kupata franka za siku, tunajua njaa inawasukuma. Lakini mzazi anayeweza, asimruhusu mtoto kuacha shule. Shimo litakuwako kesho. Mwaka wa shule haurudi.

Basi, ndugu, haya ndiyo tunayoomba. Kwanza, kila jioni saa moja ya kimya nyumbani, redio imefungwa. Pili, majirani wenye watoto wa kalasi moja wawakutanishe mahali penye mwanga, hasa siku umeme unapokatika. Tatu, mzazi aende kuonana na mwalimu mwisho wa kila periodi, asingoje kuitwa. Ine, usiku wa mbele ya mtihani mtoto ale, alale.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname sote, wazazi na watoto, tangu mwezi wa tisa.