Mhandisi Akae Ofisi Moja na Msanifu
Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo la ghorofa Kariakoo, jijini humo, likafukia wafanyabiashara na wateja. Misiba hii inaonyesha kwa nini kampuni ya wasanifu majengo inafaa kuajiri wahandisi wake yenyewe. Mteja akitaka kuongeza ghorofa au kuchimba nafasi ya maduka chini ya ardhi, mhandisi aliye kwenye meza ya jirani anapiga hesabu za udongo, msingi na nguzo kabla mchoro haujakamilika. Wenye viwanja Kariakoo, kabla ya kusaini mkataba, ulizeni mhandisi yuko wapi.