Tuache Kumsingizia Mama: Kwashakoo, Kopo na Tumbo la Mtoto



Mtoto akidhoofika uswahilini kwetu, kesi huamuliwa kabla hajafikishwa zahanati: "Kabemendwa." Mshitakiwa ni mama yake. Eti kabeba mimba mapema, eti hakutulia. Msomi naye anatoa hukumu ile ile kwa lugha ya semina: akina mama hawana elimu ya lishe. Wote wawili wanamnyooshea kidole mtu mmoja, na wenye makosa wanaendelea kula kuku kwa mrija.

Naleta shahidi. Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifika Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka 1929 akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alikuta watoto wadogo wamevimba miguu, ngozi inabanduka, nywele zimepauka. Badala ya kuwagombeza mama zao, aliwauliza. Wakampa jina kwa lugha ya Ga: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Ndiyo kwashakoo yetu hii. Mwaka 1933 aliandika kwamba watoto hao walikuwa wakilishwa mahindi, na chakula hicho hakikuwatosheleza. Wakubwa wa tiba wakabisha, wakadai ni pelagra tu. Mwaka 1935 akawajibu katika jarida la Lancet, akitumia jina lile lile la akina mama.

Angalieni jambo hili. Bibi zetu waliona walichokiona wanawake wa Ghana: mtoto akinyang'anywa ziwa mapema, anaharibika. Jicho lao halikukosea. Tulikosea sisi tulipogeuza maarifa hayo kuwa fimbo ya kumchapia mama.

Williams akahamishiwa Malaya. Huko alikuta maziwa mazito ya kopo, yaliyojaa sukari, yakinadiwa kwa akina mama kama chakula bora cha mtoto. Mwaka 1939 alisimama mbele ya waheshimiwa wa Singapore akasema kwamba vifo vitokanavyo na propaganda hiyo vihesabiwe kuwa mauaji. Dunia ilichukua miaka 42 kumsikia. Mei 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha Kanuni za kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo kwa kura 118 dhidi ya 1. Hiyo moja ilikuwa ya Marekani.

Je, yamekwisha? Aprili 2024 Public Eye na IBFAN walionyesha kwamba Nestlé iliongeza sukari katika Cerelac iliyouzwa nchi nyingi maskini, wakati uji wa watoto iliouza Uswisi kwao haukuongezwa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi. Haya, sheria za kwetu ziko wapi? Kenya ilitunga yake mwaka 2012, Tanzania ikatoa kanuni 2013. Karatasi tunazo. Anayezisimamia ndiye hatumwoni.

Kuna watakaosema tatizo ni njaa tu. Basi waeleze Iringa. Takwimu za taifa za 2022 zilionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, lakini Iringa, ghala la mahindi, ni zaidi ya nusu! Sahani iliyojaa ugali siyo lishe. Na tumbo nalo lina neno. Watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha Malawi, wakatangaza matokeo 2013: pacha mmoja anapata kwashakoo, mwenzake mzima, na wanaishi nyumba moja. Bakteria wa tumboni walikuwa na mkono wao. Utafiti wa Kenya uliotangazwa 2018 ukaonyesha kwamba klorini na vyoo vya shimo vijijini havikuongeza kimo cha watoto. Kwangu maana yake ni hii: viraka havitoshi. Wananchi wapewe maji ya bomba na mazingira safi kweli kweli.

Halafu tunamwambia mama anyonyeshe miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine, huku sheria ya kazi Tanzania ikimpa siku 84 za uzazi. Muuza mboga sokoni hapewi hata moja. Nani hapa hana elimu?

Na sisi wabeba maboksi tujitazame. Tunashusha makopo kwenye mabegi kama zawadi ya heshima, mpaka ziwa la mama linaonekana umaskini. Simsemi mama aliyeelekezwa kopo na daktari kwa sababu maalumu. Nasema fahari yetu. Pesa ya kopo mtumie mzazi anunue mayai, dagaa, maharage, naye mwenyewe ale ashibe. Na wabunge wakija huku kutuomba tuwekeze, tuwaulize kuhusu siku 84, mabomba na kanuni za 2013.

Mama ameshashitakiwa vya kutosha. Sasa wapande wengine kizimbani.