Saratani ya Ukoo na Sahani ya Binti

Mama amefariki kwa saratani ya titi. Dada yake alimtangulia kwa ugonjwa huo huo. Matanga yakishaanuliwa, mabinti waliobaki hutazamana kwa hofu, na hofu yenyewe huishia jikoni. Sukari inakatwa siku moja, nyama inapigwa marufuku, majani ya mstafeli yanachemshwa asubuhi na jioni. Haipiti miezi mingi, chipsi zimerudi mezani na sufuria ya mstafeli imesahauliwa.

Hofu hiyo ina msingi, ila imekosea mlango.

Saratani za titi zitokanazo na jeni za kurithi si nyingi, ni kati ya asilimia 5 na 10 tu. Lakini aliyerithi jeni yenye hitilafu, BRCA1 au BRCA2, anaishi na hatari kubwa. Mwaka 2003, mtaalamu wa jeni Mary-Claire King na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kiyahudi wa New York wenye urithi huo. Kwa waliozaliwa kabla ya 1940, hatari ya kuugua kabla ya kutimiza miaka 50 ilikuwa asilimia 24. Kwa waliozaliwa baadaye, asilimia 67! Jeni ni zile zile alizokuwa nazo bibi. Kilichobadilika ni maisha. Tena ilionekana kwamba waliojishughulisha kwa mazoezi na hawakuwa wanene walipokuwa wasichana, ugonjwa uliwachelewa.

Walipokuwa wasichana: hapo ndipo pa kutazama.

Maana mlo unaoanzwa baada ya maradhi kuingia haujaonyesha nguvu hiyo. Huko huko Marekani, wanawake 3,088 waliokwisha kutibiwa saratani ya titi waligawanywa makundi mawili, moja likalishwa mboga na matunda kwa wingi kuliko jingine, na mafuta kidogo. Matokeo yalitoka 2007, baada ya kufuatiliwa kwa miaka zaidi ya 7: ugonjwa uliwarudia wa huku na wa kule karibu sawasawa. Mboga hazina kosa. Kosa ni kuzitegemea zifanye kazi ya dawa.

Chakula hufanya kazi yake polepole. Wapo watu wenye urithi uitwao Lynch, uletao saratani ya utumbo mpana na, kwa wanawake, ya mji wa mimba. Kati ya 1999 na 2005, mamia yao walipewa kila siku gramu 30 za wanga usiomeng'enywa kwa urahisi, ule unaopatikana katika ndizi mbichi, maharage na viazi vilivyochemshwa vikapoa (kiporo, basi, kisidharauliwe). Saratani ya utumbo mpana haikupungua. Lakini ripoti ya 2022 ilionyesha kwamba saratani za sehemu za juu za njia ya chakula zilikuwa 5 kwa waliopewa wanga huo, na 21 kwa wenzao ambao hawakupewa, ingawa wale wa kwanza walikwisha kuuacha miaka mingi nyuma.

Mwanamke mtu mzima asijione amechelewa, hata hivyo. Unene baada ya kukoma hedhi huongeza hatari ya saratani ya titi, na pombe vivyo hivyo, iwe bia au mvinyo mtamu wa kichen pati. Hapo ana la kufanya leo. Na aende kupimwa mapema kuliko wenzake, akimweleza daktari ni nani katika ukoo aliugua, na kwa umri gani.

Bali juhudi kubwa iende kwa binti wa miaka 12 au 13. Ale dona, kunde, matembele na samaki nyumbani, acheze rede mpaka achoke, na soda aione sikukuu. Wala asipikiwe peke yake kama mgonjwa. Nyumba nzima ile chungu kimoja, naye hatakuwa na sababu ya kuogopa sahani yake.

Tena jeni hizi za BRCA hupitia kwa baba sawasawa na kwa mama, jambo ambalo koo nyingi husahau zinapohesabu wagonjwa wao. Mwanamume aliyezika mama na dada kwa saratani ya titi anaweza kuwa amebeba mojawapo yenye hitilafu bila kujua. Naye mara nyingi ndiye anayetoa hela ya shule asubuhi. Aulize jioni imenunua nini.