Televisheni ya Wazazi Isigeuke Sikio la Mgeni

Askari aliye mbali na kwao akijaliwa kuweka akiba, huwakumbuka wazazi. Televisheni ni zawadi njema kwa baba na mama waliozeeka, kwani huwaletea taarifa ya habari, michezo na nyimbo. Hata hivyo, nyingi za televisheni za siku hizi, zikiunganishwa na intaneti, nazo humtazama anayezitazama. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushitakiwa na serikali kwamba televisheni zake milioni 11 zilinakili, sekunde kwa sekunde, kila kilichoonekana kwenye kioo bila idhini ya wenyewe, na kwamba habari hizo ziliuzwa. Televisheni ya aina hiyo huchukua vipande vidogo vya picha na kuvipeleka kwenye kompyuta za mbali, ambako hulinganishwa na hazina ya vipindi. Kwa hiyo hata kipindi kinachotoka kwenye king'amuzi hutambuliwa. Mwaka 2015 masharti ya Samsung yaliwatahadharisha wateja kwamba mtu akitumia amri ya sauti, maneno yake ya siri yanaweza kunaswa na kupelekwa kwa kampuni nyingine.

Jambo hili si dogo katika nyumba ya askari au polisi. Sebuleni ndiko wazazi huzungumza mwana wao amehamishiwa wapi na atarudi lini.

Kwanza, mnunuzi aulize wazazi hupenda kutazama nini. Ikiwa antena au king'amuzi chawatosha, intaneti haina haja. Televisheni isiyounganishwa haina njia ya kupeleka habari nje. Kabla ya kulipa, amtake mwenye duka aiwashe bila intaneti ili ahakikishe kwamba inafanya kazi.

Pili, achague isiyo na kamera. Maikrofoni iliyo kwenye rimoti, inayosikiliza kitufe kinapobonyezwa tu, ni afadhali kuliko iliyomo ndani ya televisheni yenyewe.

Tatu, intaneti ikihitajiwa, mwana aiwashe televisheni kwa mkono wake siku ya kwanza. Mzee akiona maandishi asiyoyafahamu hubonyeza "nakubali" ili apate kutazama. Masharti ya matumizi kwa kawaida hayakwepeki, lakini idhini ya kutambua vipindi na ya matangazo ya biashara huweza kukataliwa. Kila kiwanda huipa sehemu ya kutambua vipindi jina lake: LG huiita Live Plus, na Samsung Viewing Information Services. Izimwe. Kila arudipo likizoni, mwana aikague tena, maana programu ikibadilishwa huenda na mipangilio ikabadilika.

Mwishowe, wazazi waelezwe kwa heshima ni nini kilichozimwa na kwa sababu gani. Nyumba ni yao, na siri za nyumba ni zao. Mzazi aliyeelewa hatababaishwa na kijana wa jirani atakayekuja kuwasha kila kitu kwa nia njema. Atamwambia, "Mwanangu, hapo paache. Mwenzako alipazima, nami niliridhia."