VIJANA WAELEZWE UKWELI WA UZAZI

Kila mwaka shule zinapofunguliwa mwezi Januari, walimu wa sekondari za kata huko Karagwe na Kyerwa huita majina darasani, na yako majina yasiyoitikiwa. Mengine ni ya watoto waliohama na wazazi wao. Mengine ni ya wavulana waliokwenda kutafuta vibarua, ama ng'ambo ya Mto Kagera ama kwenye machimbo ya bati. Lakini yako pia majina ya wasichana ambayo darasa zima linajua sababu ya kimya chake, wala hapana anayeitaja. Mwalimu hutia alama katika daftari lake, kisha huendelea na jina linalofuata.

Uchunguzi wa taifa wa afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa nchi hii wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 27. Tumepiga hatua, na hatuna sababu ya kuficha furaha yetu. Hata hivyo, nchi ambayo msichana mmoja katika kila watano hubeba mimba kabla ya kutimiza miaka 20 haina haki ya kujipongeza kwa muda mrefu.

Desturi yetu, mambo kama haya yanapotokea, ni kuwalaumu wasichana kwa utovu wa adabu, na wazazi kwa malezi mabaya. Sisi hatukatai kwamba adabu na malezi vina nafasi yake. Tunachokataa ni kumlaumu mtu kwa kushindwa mtihani wa somo ambalo hakufundishwa kamwe. Keti na vijana wa Nkwenda, Kaisho, Nyaishozi au Omurushaka, uwasikilize bila kuwakaripia. Utaelezwa kwamba msichana hawezi kushika mimba siku ya kwanza ya kukutana na mwanamume. Utaelezwa kwamba akisimama, au akiruka-ruka baadaye, au akinywa chai kali isiyo na sukari, hakuna kitakachotokea. Utaelezwa kwamba asiyevunja ungo hana la kuogopa. Yote hayo ni uongo, na uongo huo umekwisha kuwagharimu watoto wengi masomo yao.

Zamani mafunzo haya yalikuwa na mwalimu wake. Katika jamii za eneo hili, Wanyambo wakiwamo, alikuwa ni shangazi, dada wa baba, aliyemketisha binti na kumweleza mambo ya mwili na ya ndoa. Hatusemi kwamba kila alichofundisha kilikuwa sahihi. Tunasema tu kwamba palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema. Leo shangazi anaishi Mwanza au Dar es Salaam na huonekana msibani. Mama anaona haya, baba anaona si kazi yake, na mwalimu anangoja mtaala. Kwa miaka mingi somo la uzazi wa binadamu limefundishwa kwa undani katika baiolojia ya kidato cha tatu, wakati ambapo wengine waliolihitaji wamekwisha kuondoka shuleni. Nafasi ya shangazi imechukuliwa na simu ya mkononi na maongezi ya kijiwe cha bodaboda.

Basi na tuseme sisi, kwa kuwa gazeti halioni haya.

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote tayari, yamehifadhiwa katika vifuko viwili vilivyo chini ya tumbo, kimoja kila upande. Anapobalehe, kwa kawaida yai moja hupevuka kila mwezi, likatoka katika kifuko chake na kuingia katika mrija unaoelekea kwenye mji wa mimba. Huko ndani ya mji wa mimba utando laini hujengeka kungoja. Yai likikutana na mbegu ya mwanamume ndani ya mrija, mimba hutungwa, na baada ya siku kadhaa hujishikiza katika utando huo. Lisipokutana nayo, utando hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Angalia mfuatano huo: yai hutangulia, hedhi hufuata. Ndiyo sababu msichana ambaye hajapata kuona hedhi hata mara moja anaweza kushika mimba, kwa kuwa yai lake la kwanza laweza kutoka kabla ya damu yake ya kwanza.

Hapa pana jambo linalopotosha wengi, hata watu wazima wenye elimu. Yai likishatoka huishi kwa muda usiozidi siku moja. Mbegu za kiume, kwa upande wake, zaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya ile iliyopita. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 hesabu hizo mbili hulingana, na hapo ndipo kosa linapojificha. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 22 hutoa yai kwenye siku ya 8. Akikutana na mwanamume siku ya 5, damu ikiwa ndiyo kwanza inakatika, akidhani yu salama kabisa, mbegu zitakuwa hai zikimsubiri. Na wasichana wadogo ndio ambao mzunguko wao hubadilika-badilika zaidi, leo siku 24, mwezi ujao siku 35. Kumwambia binti wa miaka 16 ahesabu siku kwa vidole ni kumpa mwavuli wenye matundu.

Kwa mvulana kazi ni tofauti. Korodani zake hutengeneza mbegu kwa mamilioni kila siku tangu abalehe hadi uzeeni. Yeye hana siku salama wala siku ya hatari, siku zake zote ni moja. Hata umajimaji unaotangulia waweza kuwa na mbegu, na kwa hiyo wale wanaotegemea kuchomoa mapema hutegemea bahati. Tunashangaa jinsi mazungumzo yote ya mimba za utotoni yanavyomhusu msichana, kana kwamba alijitungisha mwenyewe.

Na hapa tungependa kuwaambia wanaume wa wilaya zetu jambo moja zaidi, ijapokuwa halitawapendeza baadhi yao. Yai la mwanamke hubeba chembe ya urithi ya aina moja tu, iitwayo X. Mbegu ya mwanamume hubeba ama X ama Y. Ikifika ya X huzaliwa binti, na ikifika ya Y huzaliwa mvulana. Mwanamke aliyefukuzwa au kuletewa mke mwenza kwa kuwa amezaa mabinti watupu ameadhibiwa kwa jambo lililoamuliwa na mbegu ya mumewe. Wako wanawake waliozaa mtoto wa saba na wa nane, afya ikiwa imekwisha, wakimtafuta mvulana kwa namna hiyo.

Mimba huchukua wiki 40 hivi tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mama aende kliniki mapema, mara tu anapohisi, na asingoje tumbo lionekane. Akiumwa kichwa kikali, akiona kiwi, akivimba uso, au akitokwa na damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na pikipiki ndiyo chombo pekee. Kwa msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa hatari ni kubwa zaidi. Uchungu unaweza kukwama kwa siku mbili au tatu, mtoto akafa, na mama akabaki na nasuri, mkojo ukimtoka bila kizuizi. Nasuri inatibika, na Hospitali ya Bugando huko Mwanza imewatibu wengi, lakini wako wanaojificha ndani kwa miaka wakidhani wamelogwa.

Ama kuhusu uzazi wa mpango, jambo hili si geni wala halikuletwa jana. Chama cha UMATI kilianzishwa nchini mwaka 1959, kabla ya Uhuru. Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba katika kuzaa binadamu na mnyama ni sawa, lakini kulea ni wajibu wa binadamu. Pamoja na hayo, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni 31 tu katika kila 100.

Kinachowazuia wengi ni hofu, na hofu hiyo yastahili kujibiwa, si kuchekwa. Wanasema sindano huua kizazi. Ukweli ni kwamba sindano ya miezi mitatu huweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha, pengine hata mwaka, lakini uwezo wa kuzaa hurudi. Wanasema kijiti kinachopandikizwa mkononi husafiri hadi moyoni. Kijiti hukaa chini ya ngozi pale pale kilipowekwa, hufanya kazi miaka mitatu hadi mitano, na kikitolewa mwanamke anaweza kushika mimba upesi. Kitanzi cha shaba hukaa ndani ya mji wa mimba hata miaka 10, na hakimgusi mtoto atakayezaliwa baadaye. Ni kweli kwamba baadhi ya wanawake hubadilika hedhi, wengine huongezeka uzito au huumwa kichwa. Mhudumu anayeficha hayo ili apate idadi ya wateja anaiharibu kazi yake mwenyewe, kwa sababu mwanamke asiyeonywa atakapoona damu kwa wiki tatu atawaambia jirani zake kumi. Mama anayenyonyesha naye ana kinga ya asili, mradi mtoto hajatimiza miezi 6, hapewi chochote ila ziwa mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Na aliyefikwa na bahati mbaya, au aliyebakwa, viko vidonge vya dharura vinavyofaa kumezwa mapema iwezekanavyo, visipite siku 5.

Kondomu ina sifa ambayo nyingine zote hazina. Mkoa wa Kagera ndio uliotoa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, na hapana ukoo usiojua maana yake. Kijiti na sindano havizuii ugonjwa huo, na kijana aelezwe hivyo waziwazi.

Tunajua kwamba hospitali za madhehebu zimebeba mzigo mkubwa wa tiba huku kwetu, Nyakahanga ya Walutheri, Nyakaiga na Isingiro za Wakatoliki. Kanisa Katoliki halikubali njia hizi na hufundisha njia za asili, na hiyo ni haki ya imani yake. Ombi letu kwake ni kwamba somo la mwili wenyewe, yaani yai, hedhi na mimba, halina ugomvi na imani yoyote. Anayetaka kufuata njia za asili ndiye anayehitaji kulijua zaidi kuliko wote. Kwa upande wake, Serikali ina wajibu wa kuhakikisha kwamba mwanamke anayetaka njia nyingine haikosi katika zahanati ya kijiji chake. Miongozo ya taifa tangu mwaka 1994 imempa haki hiyo kila mtu wa umri wa kuzaa, kijana akiwamo, wala haimtaki mke kuleta barua ya mumewe. Muuguzi anayemwuliza binti "mumeo yuko wapi?" mbele ya foleni ya watu amemfukuza bila kumgusa.

Ugavi nao unatutia mashaka. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, ambalo kwa miaka mingi liligharamia sehemu ya dawa hizi, na shehena iliyokuwa imekwisha kununuliwa kwa ajili ya nchi za Afrika, Tanzania ikiwamo, ikazuiliwa ghalani Ubelgiji. Nchi isiyoweza kumpa mama sindano moja kwa miezi mitatu hadi Washington ikubali haijajitegemea katika jambo hilo.

Sheria hazikukosekana. Tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30, na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubali kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Na kesi ngapi za mimba humalizwa jioni chini ya migomba, kwa mbuzi na fedha za msimu wa kahawa, kabla hazijafika polisi? Wazazi wanaopokea fedha hizo wanajijua.

Kwa Halmashauri zilizoko Kayanga na Rubwera tuna maombi yasiyohitaji fedha nyingi. Muuguzi mmoja wa zahanati iliyo karibu apangiwe kufika katika kila sekondari angalau mara moja kwa muhula, na katika darasa la sita na la saba la kila shule ya msingi, awaketishe wasichana na wavulana, ajibu maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi bila majina. Redio zetu za jamii, ambazo husikika hata shambani, zimpe saa moja ya jioni arudie majibu hayo kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, ili wazazi nao wasikie. Mabinti wanaopanga vyumba karibu na shule kwa sababu ya umbali wajengewe mabweni kabla ya kujengewa ukumbi mwingine wa mikutano. Vikao vya bajeti hufanyika kila mwaka, na madiwani wanafahamu tarehe zake kuliko sisi.