Rambo la Bibi

Mwaka jana nilizunguka masoko mawili ya Dar es Salaam na dodoso mkononi. Nilikuwa mmoja wa wanafunzi wa uzamili tuliolipwa posho kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kuhifadhi taarifa zao za afya kielektroniki. Swali la 11 liliuliza kama mtu yuko tayari taarifa zake ziwekwe kwenye mfumo. Majibu yalikuwa matatu: Ndiyo, Hapana, Sijui. Mama mmoja muuza dagaa alinitazama, akauliza, "Nani atakuwa anaziangalia, dada?" Nikamwambia wahudumu wa afya. "Wahudumu gani?" Sikuwa na jibu. Nikaweka alama ya vema kwenye Sijui.

Ripoti ilipotoka ikasema baadhi ya wananchi hawana uelewa wa kutosha, hivyo elimu itolewe. Yule mama yumo humo, miongoni mwa wasio na uelewa, na mimi ndiye niliyemwingiza.

Nakataa hukumu hiyo. Nchi hii kila jambo likikwama, mwenye kosa ni mwananchi asiye na mwamko, na dawa yake ni semina.

Bibi yangu ana presha na sukari. Historia yake yote ya matibabu imo kwenye mfuko wa rambo, aina ile iliyopigwa marufuku Juni 2019, lakini bibi hatupi kitu. Ndani yake mna madaftari manne, kadi za kliniki za watoto wake na picha ya eksirei ya kifua. Bila miwani hasomi, ila anajua kila daftari lilianza lini. Kisha hospitali moja ikafungiwa mfumo, na mhudumu akamwambia, "Bibi, daftari huhitaji tena, kila kitu kipo kwenye kompyuta." Bibi alifurahi kweli. Baadaye akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi, na daktari wa huko akamuuliza anatumia dawa gani.

"Si mmeandika kwenye kompyuta?"

Mifumo haikuwa inasomana. Ikabidi bibi aeleze dawa zake kwa rangi: nyeupe ndogo, na ile ya pinki anayoikata nusu. Vipimo vikarudiwa, tukalipa upya. Tulipotoka getini akanituma dukani nikamnunulie daftari. Tangu siku hiyo haondoki mbele ya daktari kabla hajaandikiwa. Mimi na shahada yangu sikuwahi kufikiria hilo.

Sisemi karatasi ni bora. Daftari lake la pili lilinyeshewa, vipimo vya karibu mwaka mzima vikageuka madoa ya wino. Mwandiko wa madaktari wetu nao sote tunaujua. Mgonjwa aliyezimia hawezi kueleza dawa kwa rangi, na kumbukumbu inayofunguka popote inaweza kumwokoa. Kwa hiyo mifumo isomane, tena haraka.

Lakini hapo ndipo swali la mama wa dagaa linapouma. Wanaofanya kazi kwenye kliniki za VVU wanawajua wagonjwa wanaoipita zahanati ya mtaani kwao na kupanda daladala mbili kufuata dawa za kufubaza virusi. Hawaikimbii kompyuta. Wanamkimbia jirani aliyeajiriwa mapokezi. Mifumo ikisomana bila ulinzi, jirani huyo atalifikia faili hata mgonjwa akipanda daladala tatu.

Hofu hii si ya kijinga. Nchini Kenya, Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU. Agizo likapingwa Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikasema linakiuka katiba. Ufini, ambako huwezi kusema watu hawajui kompyuta, mwaka 2020 kumbukumbu zilizoibwa kutoka kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo zilitumika kuwatishia wagonjwa mmoja mmoja: lipa, la sivyo uliyomwambia mtaalamu wako yataanikwa.

Wala tusidanganyane kwamba Mtanzania anaogopa mambo ya kidijitali. Yule mama anaweka mtaji wake wa dagaa kwenye simu. Ukimtumia elfu tano, ujumbe unamfikia hapohapo: kiasi, saa, jina la aliyetuma. Faili lake la hospitali likifunguliwa na mtu asiyemtibu, simu iko kimya. Kwa nini? Estonia mgonjwa anaingia kwenye tovuti na kuona nani alifungua kumbukumbu zake. Jambo hilo linawezekana. Tunachokosa ni mtu wa kuona kwamba muuza dagaa anastahili kujua.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinafanywa nini. Kwenye mapokezi nilikopita na bibi sijaona hata mahali pamoja palipobandikwa tangazo la haki hiyo. La "Lipa kwanza" nimeliona kila mahali.

Baada ya siku ile nilimwomba msimamizi wetu swali la 11 libadilishwe. Akasema dodoso limeshapitishwa na kamati ya maadili, haliguswi. Katika soko la pili nikaanza kuandika kwenye daftari langu mwenyewe kile ambacho watu waliniuliza kabla sijaweka alama. Mume wangu ataweza kuona? Nikitaka kifutwe, namwendea nani? Mwajiri akiomba, mnampa? Umeme ukikatika mnanitibu na nini? Mtanipa na mimi nakala?

Maswali yalifika 23. Kwenye ripoti halimo hata moja.